Dawa Ndani ya Uji

Jumamosi, kwenye duka la dawa pale Kimbo, Ruiru, mbele yangu alisimama cucu mmoja na mjukuu mgongoni. Akagonga kaunta kwa chupa ya antibiotiki ya maji.

"Dawa yenu haifanyi kazi! Sikio ya mtoto bado inatoa usaha."

Mfamasia akamuuliza anampaje.

"Naweka kwa kikombe ya uji, kwa sababu ni chungu."

"Na uji anamaliza?"

"Wapi! Anaonja tu, anageuza uso."

"Sasa inayobaki anakunywa nani?"

"Si mimi? Uji iko na maziwa, nimwage?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mfamasia akajikaza, akatoa kibomba cha kupimia dawa, kile kisicho na sindano, akamwonyesha.

"Dawa kwanza, cucu, polepole pembeni ya shavu. Uji baadaye. Na leo umrudishe kwa daktari amwangalie tena."

Cucu akakubali. Alipofika mlangoni akageuka, uso umejaa wasiwasi.

"Na mimi je? Si mnasema ukianza antibiotiki lazima umalize?"

Miaka yote tumehubiriwa tumalize dozi, na tumesikia. Kumbe wangeanza kwa kutuambia ni dozi ya nani.