Springi za Mzigo Mzito na Mbege ya Kaka Deo

Nianze na aibu yenyewe, msije mkaisikia kwa shangazi yangu akaiongezea chumvi: mimi Felista, mwenye shahada ya takwimu, ndiye niliyemwogesha mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, babu wa wifi yangu, mbele ya ukoo wake wote, siku tuliyopeleka mahari. Na watu wakiniuliza chanzo kilikuwa nini, siwaambii mbege. Chanzo kilikuwa springi.

Kaka yangu Deo anakodisha maturubai na viti kwa ajili ya sherehe na misiba, na kazi yake yote inategemea gari moja kuukuu, lile la kuvuta kwa matairi yote manne, linalokokota tela kupanda na kushuka Masama kama punda asiyejua Jumapili. Tatizo likawa kwamba kila akifunga tela lililojaa, gari linakaa chini nyuma na kuinua pua, taa zinamulika vilele vya miti ya migrevilea badala ya barabara, na usukani unakuwa mwepesi kana kwamba matairi ya mbele yameomba ruhusa yakaondoka.

"Feli," akaniambia, "wewe kazi bado hujapata, una digrii na una bando. Nichagulie springi. Nataka tukipeleka mahari gari liwe limeshatulia."

Mtu mwingine angekwenda gereji, angeuliza, angerudi nyumbani akala. Mimi nilikaa na jambo lile mpaka nikawa naliota. Nikagundua kuna springi za mzigo mwepesi, kuna za kati kwa gari linalobeba leo na kesho likatembea tupu, na kuna za mzigo mzito kwa gari ambalo halipumziki kabisa, halafu kuna shokapu zinazotakiwa kulingana nazo, na watu wa mtandaoni wanagombana kuhusu hayo yote kama ndugu wanaogombania mpaka wa kihamba, shamba la urithi. Kila nikiamua, anatokea mtu wa nchi nyingine kabisa anasema aliyeamua hivyo alijuta. (Nilimwandikia mmoja kumwuliza alijuta kiasi gani. Hajanijibu mpaka leo.)

Nikashuka Moshi mjini kwa Fundi Shabani, mtu mcheshi anayemtengenezea Deo gari. Akapangusa mikono, akaniuliza swali moja tu, swali la kawaida kabisa: "Kwa kawaida mnabeba nini?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba siku za sherehe tunabeba viti na maturubai, na siku nyingine tunambeba Deo na redio yake. Lakini kichwa changu hakijibu swali lililoulizwa, kinajibu maswali yote ambayo yangeweza kuulizwa. Je, maturubai yakilowa mvua? Je, baba akitaka kubeba saruji? Je, kukiwa na msiba na waombolezaji wote wakaomba lifti, maana kwetu mwenye gari hana mdomo wa kumkatalia mfiwa? Nikasema, "Mzigo mzito. Muda wote."

Fundi Shabani macho yakang'aa. "Dada, hizo springi ninazo, zimekaa sana hapa. Siku zote natafuta mtu wa kuzijaribu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kukimbia. Badala yake nilijisikia fahari. Alizifunga huku akipiga mluzi, akamaliza akapiga picha na gari kama watu wanavyopiga na bibi harusi.

Nilipolifikisha nyumbani, mkia ulikuwa juu na pua iko chini. Baba mkubwa, kaka wa baba yetu, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu kwenye mahari, alilizunguka polepole mikono mgongoni.

"Mbona gari limepiga magoti?"

"Shikamoo baba. Likibeba mzigo litakaa sawa."

"Marahaba. Mzigo gani huo, kanisa?"

Nikacheka, kumbe huo ndio ulikuwa utani wa mwisho kunichekesha kuhusu gari lile.

Sasa siku ya mahari. Kwetu bwana harusi hakai kwenye kikao cha kujadili mahari yake mwenyewe, kwa hiyo Deo alikwenda zake Chekereni kufunga maturubai ya watu kwa gari la kukodi, akaniachia gari na tela, na wasiwasi wake wote. Alikuwa na sababu. Bila mbege ukweni mazungumzo hayafunguliwi, na babu wa Prisca, mchumba wake, alisifika kwa kuwa aliwahi kurudisha mbege ya watu nyumbani kwao kwa sababu tu ilikuja imefunikwa kwa gazeti. Deo alinipigia asubuhi akiwa anapiga miayo. "Feli, nifikishie mbege salama. Hayo mengine wazee watayamaliza."

Mzigo wetu basi ulikuwa mapipa mawili ya plastiki yenye mbege, mikungu michache ya ndizi, baba mkubwa, wazee wengine wawili wa ukoo, na Shangazi Anjela, aliyeipika hiyo mbege kwa mikono yake. Kwa springi zile, huo haukuwa mzigo, ulikuwa salamu.

Nilipofunga tela nikaona jambo ambalo katika utafiti wangu wote nililisahau: gari likinyanyuka nyuma, na ndoano ya tela inanyanyuka nalo. Tela likawa limeinua shingo mbele na kulaza mgongo nyuma kama mtu anayetazama kama mvua itanyesha. Nikayaona mapipa yameinama upande wa nyuma, vifuniko vimewekwa juu juu tu, na mbege imekaribia ukingoni.

Shangazi alikuwa ameshanionya. "Usiyakaze mapipa, mama. Mbege bado inachacha, inapumua." Lakini shangazi alikuwa ndani anakunywa chai, na mimi nilikuwa nje peke yangu na hofu yangu, nikawaza: ikimwagika njiani Deo haoi. Nikavikaza vifuniko kwa nguvu zangu zote, na kwa kuwa sikuziamini nguvu zangu, nikavifunga tena kwa vipande vya mpira wa tyubu, msalaba juu ya msalaba, nikatandika majani ya mgomba juu ili yapendeze. Nikajipongeza.

Kwenye lami mpaka Sanya Juu tulikwenda salama. Tulipoacha lami na kuanza kupanda barabara ya udongo, springi zikaonyesha kwa nini Fundi Shabani alikaa nazo muda mrefu. Hazikubonyea kabisa. Kila jiwe lilitufikia jinsi lilivyo. Nyuma ya gari ikawa inaruka, inalivuta na tela nalo linaruka, na mapipa yanaruka ndani ya tela, na Shangazi Anjela, aliyekuwa anasali rozari, kila shimo linamkatisha katikati ya Salamu Maria anaanza upya. Kisha kichwa chake kikagonga paa.

"Feli, mama," akasema taratibu, "kuna jiwe moja umeliacha pale nyuma. Rudi ulipitie na lenyewe lisije likanung'unika."

"Samahani, shangazi."

Baba mkubwa akaweka mkono kwenye dashibodi. "Simamisha. Tutatembea."

"Baba, tumebakiza kidogo tu."

"Ndiyo maana nataka kutembea. Nifike nikiwa na meno ya kuzungumzia mahari."

Wakashuka wote. Kwa hiyo ukweni tuliingia hivi: mbele gari kubwa, limeinua mkia, ndani binti mmoja peke yake, nyuma yake tela linalotazama mbinguni, na nyuma ya tela wazee wa ukoo wetu kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi, shangazi kashika kichwa. Akina mama wa kule walikuwa wameshaanza vigelegele, vikafia njiani. Nikamsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Hawa wamefiwa huko barabarani?"

Babu akaja. Mzee mrefu, koti la kijivu lililopigwa pasi, kofia ya pama. Nikamwamkia, akaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye tela.

"Binti, hili tela lenu linatafuta nini juu?"

Mtu mwenye akili angesema pole babu. Mimi nikiwa na wasiwasi huwa naeleza, nikaanza kumweleza habari za urefu wa ndoano na uzito unavyohamia nyuma, na yeye kwa heshima akasogea, akainama kwenye mapipa ili anielewe vizuri. Baba mkubwa akaona nachelewesha shughuli, akanipa kata la kuchotea, maana desturi ni kwamba aliyeleta mbege ndiye anayeonja kwanza, wenyeji wajue haina neno. "Fungua, mwanangu."

Nikatoa majani ya mgomba. Nikashika kisu, nikaukata mpira.

"Feli," nikamsikia shangazi nyuma yangu, "hiyo mipira ni ya nini?"

Kifuniko kilipita sikioni kwangu, kikaenda kutua kwenye migomba, na mbege iliyotikiswa na mawe toka Sanya Juu ikatoka kwa pamoja, povu na ulezi wake, ikampata babu kuanzia kofia mpaka viatu. Ninachokikumbuka zaidi ni kuku aliyetokea, akaenda bila haraka mpaka miguuni kwa babu, akaanza kudonoa ulezi kwenye kiatu chake. Hakuna aliyemfukuza. Simu yangu ikaanza kuita mfukoni. Nilijua ni Deo.

Babu akavua kofia, akaikung'uta. Akalamba mdomo wa juu. Akafikiri.

"Imeiva," akasema.

Baba mkubwa akaanza kuomba radhi, akageuka akachuma jani la sale kwenye uzio akampelekea babu kwa mikono miwili, kama tunavyofanya tunapoomba msamaha usiokataliwa. Babu akalipokea, akaligeuza geuza.

"Hili umelichuma kwenye uzio wangu."

"Ndiyo, meku," akasema baba mkubwa, kwa neno letu la kumwita mzee wa heshima.

"Mmenimwagia mbege yenu, mnaniomba msamaha kwa sale langu." Akalitia kwenye mfuko wa koti uliokuwa unachuruzika. "Sale nimelipokea. Mbuzi wa kulipia koti mtamleta wenyewe, asiwe wa kwangu. Lakini desturi inasema wenye mbege waonje kwanza, na hapa mimi nimewatangulia. Nani aliyelifunga hili pipa?"

Wazee wa ukoo wangu, watu walionibeba mgongoni nikiwa mtoto, wote wakanitazama mimi.

"Basi afungue la pili," babu akasema. "Peke yake. Likifunguka salama tunazungumza. Likilipuka, mrudi nyumbani mkapike nyingine."

Ukoo wote wa Prisca ukarudi nyuma mpaka kwenye mibuni. Wa kwangu ukarudi nyuma zaidi yao. Nikabaki na pipa, na kuku. Sikukata mpira, niliufungua fundo moja baada ya jingine, nikazungusha kifuniko kidogo, nikasubiri kikatoa pumzi ndefu kama mtu aliyevua viatu vinavyobana, nikazungusha tena, nikasubiri tena. Kifuniko kikatoka. Mbege ikapanda povu mpaka ukingoni, ikatazama nje, ikarudi ndani.

Nikachota, nikanywa kata lote, mimi nisiyekunywa. Babu akanyoosha mkono wake uliolowa, akapokea kata. Akina mama wakamalizia vigelegele vyao.

Mazungumzo yalikwisha vizuri. Kurudi, wazee wetu waliomba usafiri kwa watu, nikaendesha gari peke yangu, nikirushwa kama punje ya mahindi kwenye kikaango. Nilipofika Boma nikasimama, nikampigia Deo.

"Wamekubali?"

"Wamekubali."

"Na mbege?"

"Imemfikia babu kabla ya mtu yeyote," nikasema, na sikudanganya.

Koti tulilipia kwa beberu mzuri, na shangazi akaapa hatapanda gari lile mpaka springi zitolewe. Kwa hiyo nikarudi Moshi, na njiani nikajiwekea nadhiri ambayo bado naishika: sinunui tena kitu cha kubeba wasiwasi wangu, nanunua cha kubeba mzigo uliopo. Fundi Shabani alipangusa mikono yake kama siku ile.

"Haya dada, safari hii tuseme mnabeba nini?"

"Viti," nikasema. "Mbege. Ndizi. Na shangazi yangu."

Akachukua springi za kati, akazipima kwa jicho, akasita kidogo. "Shangazi ana kilo ngapi?"

"Hilo," nikamwambia, "nenda kamuulize mwenyewe."