Koko Alipokuwa Mdogo Kuliko Maman

Upumbavu wenyewe ni huu: nilimwandika bibi yangu kuwa ana miaka thelathini na minane. Meno alikuwa nayo manne.

Vita vilikuwa vimetoka kwetu Bugarama vikahamia Kongo, na vitambulisho vya watu vilipotelea njiani wakati wa kukimbia. Ushirika wa mpunga ukaamua kuandika wakulima upya: kila nyumba shamba moja, kwa jina la mtu mzima aliye kijana zaidi. Mzee atoke topeni, akafukuze ndege. Mwenyekiti alisema wazee wanachelewesha maendeleo. Alisema hivyo akiwa ameegemea fimbo.

Kwetu watu wazima walikuwa wawili: bibi, tunayemwita Koko, na mama yangu, tunayemwita Maman. Shamba letu Koko alilifyeka mwenyewe lilipokuwa bado matete. Aliposikia habari hiyo, siku mbili hakugusa chakula.

"Mimi nifukuze ndege? Ndege benyewe bananijua. Batanicheka!"

Sasa, orodha ya mtaa wetu niliandika mimi, kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri. Mwaka wake wa kuzaliwa Koko haujui. Anajua tu kwamba watu walikuwa wanavuna mtama. Nikaona hapo pana nafasi, nikampa ile miaka thelathini na minane. Maman nikamwandika miaka yake ya kweli, arobaini na mmoja. Kwamba majina hayo mawili yatasomwa yakifuatana, hilo halikunijia kabisa.

Mkutanoni mwenyekiti akasoma. Watu walicheka mpaka mmoja akatumbukia mferejini. Maman akasimama, akamgeukia mwenyekiti.

"Papa Perezida, huyu ni mama yangu! Alinizaa!"

Mwenyekiti akaitazama karatasi, akamtazama Koko, akairudia karatasi.

"Muhuri umeshapigwa, Maman. Alikuzaa mbele ya nani?"

Koko akainamisha macho kama mwali. "Hata mimi nilishangaa," akasema.

Basi shamba likabaki lake. Mpunga ulipoanza kushika punje, Maman akapandishwa juu ya kichuguu na bidoni tupu, yaani dumu la maji, ya kupiga ili ndege waruke. Mwenyekiti akamtumia fimbo yake ya akiba. Vijana wa mashamba ya jirani wakawa wanampisha njiani na kumuuliza kama magoti yanauma. Na Koko, kitenge kimekunjwa hadi magotini, anang'oa magugu huku akipaza sauti:

"Dada! Kaa chini kidogo! Uzee si mchezo!"

Mchana mmoja niliwapelekea ugali, nikamkuta Maman anapiga bidoni juani, jasho linamtiririka. Nikashindwa kujizuia, nikacheka. Akashuka polepole, akiishikilia ile fimbo, akaniwekea bidoni mikononi.

"Mimi sasa ni muzee, weye mwenyewe uliandika. Na bazee banaheshimiwa. Kamata, piga mpaka tuvune."