Mishale Iliyokwenda Kushoto

Upinde wa mjomba ulipasuka asubuhi ya Jumapili, nikiwa nimeuvuta hadi shavuni. Ulilia kama ubao mkavu unaokanyagwa, kisha nusu ya juu ikanipiga begani. Wenzangu walinikimbilia. Mmoja akaokota kipande, akakipangusa vumbi na kunikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa pole.

Mimi ni fundi wa kushona viti vya pikipiki hapa Kamembe, magharibi mwa Rwanda. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa katika kikundi cha watu tisa tunaocheza kumasha, yaani kulenga shabaha kwa upinde wa mti kama walivyofanya wazee wa nchi hii. Mjomba aliniachia upinde wake alipofariki, na sikuwahi kutumia mwingine. Kila aliyeusifu nilimwambia aliyeuchonga ni mzee mmoja wa Mibirizi, fundi ambaye hakuna wa kumfikia.

Mzee huyo naye alikuwa amekwishafariki. Hata hivyo nilifunga vile vipande kwa kamba ya mpira, nikapanda pikipiki hadi Mibirizi, nikatembea kwa miguu hadi nyumbani kwake. Nilitumaini mjane wake angeniambia ni nani mwingine anayechonga.

Nilimkuta akimenya mihogo mlangoni, mwanamke mrefu wa miaka sitini hivi. Alikulia Bukavu, upande wa Kongo, akarudi Rwanda akiwa ameshaolewa, na Kiswahili chake ni kile cha ng'ambo. Alipokea vipande bila kuuliza neno. Alipitisha kidole ndani ya mpasuko, akashuka nacho hadi kwenye mshiko, akageuza upande wa ndani na kunionyesha kikato kidogo mfano wa kucha. Kwa miaka yote ile sikuwahi kukiona.

"Hii nilichonga mimi," alisema.

"Maman, mjomba wangu aliununua kwa mumeo. Aliniambia mwenyewe."

"Njo vile alijua. Bwana yangu mikono ilikuwa inatetemeka, tangu zamani sana. Yeye anachagua muti, mimi ninachonga, kisha yeye anauzisha. Bantu ya hapa habakubali upinde ya mwanamuke."

Aliendelea kumenya mihogo. Mimi nilikaa kwenye kigogo, nikikumbuka sifa zote nilizomwaga mwaka hadi mwaka kwa mtu asiyehusika. Kisha nilimwomba anichongee mwingine.

Alinawa mikono, akanipima kwa kamba kutoka kifuani hadi ncha ya vidole, kisha akanibonyeza bega la kulia. Nilijikunja.

"Hii bega inauma tangu siku gani?"

"Mwaka sasa."

"Basi nguvu ya ile ya zamani haikufai tena, Papa. Nitakutengenezea ya kulainika."

Miti yake ilikuwa imekauka juu ya moshi wa jiko kwa muda mrefu, kwa hiyo nilisubiri miezi miwili tu. Upinde mpya ulikuwa wa rangi ya asali, mwembamba kuliko ule wa kwanza, na ulipinda pande zote mbili sawasawa hata nikaona haya kuushika kwa mikono yenye gundi. Ulivutika bila bega langu kulalamika. Nilirudi Kamembe nikiwa na furaha ya mtu aliyeponywa.

Furaha hiyo iliisha Jumapili iliyofuata. Shabaha yetu ni kipande cha mgomba kilichosimamishwa mbele ya tuta la udongo. Kwa hatua ishirini, mshale wangu wa kwanza ulipita kushoto. Wa pili ukaenda kushoto. Wa tatu ukajichoma kwenye tuta karibu kabisa na hiyo miwili. Yote mitatu ungeweza kuifunika kwa kiganja kimoja, ila ilikuwa dhiraa nzima kutoka kwenye mgomba.

Nilifanya ambalo kila mtu angefanya: nililenga kulia. Mshale ukapiga mgomba. Nikajiona mjanja. Lakini tuliposogea hadi hatua thelathini ulikosa tena, na tuliporudi kumi na tano ukapita upande wa pili. Kwa wiki mbili niliishi hivyo, nikipiga hesabu ya kulenga hewa, na kila Jumapili hesabu ilibadilika. Naandika hili kwa aibu: siku moja, nikiwa njiani kurudi nyumbani, niliwaza kwamba huenda watu wa Mibirizi wasiotaka upinde wa mwanamke walikuwa na sababu zao.

Nilirudi Mibirizi na upinde pamoja na mishale yangu kumi. Mama yule alinishusha hadi kwenye migomba iliyo chini ya nyumba, akanichagulia mmoja uliokwisha kuzaa, akaniambia nipige. Hakusimama nyuma yangu wala hakutazama mgomba. Alisimama ubavuni kwangu, macho yake yakiwa kwenye mkono wangu wa kushoto.

"Unalenga wapi?"

"Kulia kidogo."

"Juu ya nini?"

"Kwa sababu unakwenda kushoto."

"Basi unadanganya jicho yako. Lenga katikati, uiache ikose."

Nililenga katikati. Mshale ulikosa. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa akilingoja, akauchukua upinde na kunionyesha ubavu wa kushoto wa mti, juu ya mshiko, mahali mshale unapolala. Palikuwa na mkwaruzo mweupe, mwembamba kama uzi.

"Inagonga hapa wakati inatoka."

Aliingia ndani, akatoka na mshale wake mmoja usio na manyoya mkiani. Kisha akachukua mmoja wangu na kuukata manyoya kwa wembe. Nilitaka kumzuia, nikajikaza.

"Manyoya inaficha makosa," alisema. "Chuchumaa nyuma yangu. Usiangalie mugomba. Angalia mukia."

Nilichuchumaa. Jua lilikuwa mgongoni mwetu. Alifunga kitenge vizuri kiunoni, akaweka mshale wake kwenye ugwe wa upinde, akavuta. Nimewaona wanaume wengi wakivuta upinde, na wote huonyesha kazi usoni. Yeye alivuta kama anayefungua pazia.

Mshale ulipoachiliwa niliona jambo ambalo sikujua kwamba lipo. Haukwenda moja kwa moja. Ulijipinda katikati, mkia wake ukatoka nje ukaukwepa mti wa upinde, ukajipinda tena upande wa pili, na tena, kama samaki mwembamba anayekata maji, kila mara ukipinda kidogo kuliko mwanzo, hadi ukanyooka na kuingia katikati ya mgomba. Yote yalikwisha kabla sijavuta pumzi.

Kisha akapiga mshale wangu. Huo ulitoka umekakamaa kama ufito. Nilisikia mlio mdogo, tik, ulipogusa mti. Ukasukumwa kushoto na kujichoma ardhini umelala upande.

"Muti iko njiani, Papa," alisema. "Mushale inajipinda, inazunguka muti, kisha inarudi njia yake. Ya kwako ni migumu. Ile upinde ya zamani ilikuwa na nguvu, iliipinda kwa lazima. Hii haiwezi kuilazimisha."

"Subhanallah," nilisema, nikaketi kabisa chini.

Aliniangalia pale chini, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Na mimi siku ya kwanza nilikaa chini vile vile."

Miaka kumi na moja nilikuwa nikisema kwamba fulani amenyooka kama mshale. Kumbe kila mshale niliowahi kupiga ulikuwa umecheza hivyo mbele ya uso wangu, karibu kuliko pua yangu, nami sikuona kwa sababu macho yangu yalikimbilia shabaha. Nilimwomba apige tena. Alipiga tena, mara nne, na kila mara nilihisi kifua kikipanuka kana kwamba nimeambiwa siri.

Saa zilizofuata zilikuwa za kazi. Alivunja chupa, akachagua kigae, akaanza kukwangua mshale mmoja baada ya mwingine. Nyuzi za mti zilianguka kwenye kitenge chake, nyembamba kama nywele. Kila baada ya kukwangua kidogo aliukandamiza mshale kwa kidole gumba, akasikiliza kwa kidole hicho, akanipa nipige. Nililenga katikati kila mara. Mshale wa kwanza ulisogea upana wa vidole vitatu kuelekea mgomba. Akaukwangua tena, ukasogea viwili, na baada ya kukwanguliwa mara kadhaa zaidi ukaugusa. Mmoja ulipita hadi kulia. "Hii nimezidisha," alisema bila majuto, akauvunja na kuuweka kwenye kuni.

Mkia ulikuwa bado ukirukaruka juu na chini, basi akafunga uzi mwekundu kwenye ugwe ili mshale ukae juu kidogo ya pale nilipozoea kuuweka. Kengele ya misheni ilipolia saa sita nilikuwa na mishale minane, na yote minane ilikuwa ndani ya mgomba.

Mashindano yetu ya mavuno yalifanyika Bugarama, pembeni ya mashamba ya mpunga. Nilimwomba mama yule aje, naye alikuja kwa basi dogo, amevaa kitenge cha kanisani. Joto la bonde lile ni la kuchemsha. Mishale yangu miwili ya majaribio ilikwenda katikati lakini ilipiga chini, na nilimtazama kwa hofu. Alinijia mbele ya watu wote, akaufungua ugwe, akaulaza upinde kivulini juu ya majani mabichi, na kuufunika kwa kitambaa chenye maji.

"Muti inasikia joto, inalegea," alisema. "Iache ipumuzike mpaka zamu yako."

Wanaume walikuwa wakitazama. Kiongozi wa kikundi kutoka bondeni aliniuliza mama huyu ni nani. Nilimwambia ndiye aliyeuchonga upinde huu, na ule wa kwanza, na nyingi tulizodhani ni za mumewe, yule mzee wa Mibirizi.

Kiongozi yule alimwendea mama. Alimpa kwa heshima mkono wa kulia huku ameushika kwa wa kushoto, kisha akamletea upinde wake mwenyewe na mishale mitano.

"Maman," alisema, "ya kwangu inakwenda kulia."

Mama yule alivua viatu vyake vya kanisani, akaviweka kando ya majani. "Simama pale," alimwambia. "Lenga katikati."