Dafu la Posa

Juzi nilitazama filamu ya zamani ya vichekesho, ya Kimarekani. Vijana wawili wanapendana, wazazi wao hawapikiki chungu kimoja. Wenzangu walicheka, mimi nilisikia harufu ya dafu.

Alasiri moja nilipokuwa msichana mdogo, kwetu Mtopanga, wageni walitoka Likoni kuja kumposa dada Kadzo. Kwetu posa huja na tembo, pombe ya mnazi, na msichana anayeposwa ndiye huulizwa kama linywewe. Akikubali, ameolewa. Wageni wale walikuwa Waislamu, wakaleta madafu badala ya tembo. Baba alinuna.

"Haya, Kadzo," baba akasema mwisho, "tunywe au tusinywe?"

Dada akainama. Nami kiu ilinikaba, nikadhani wanangoja mtu wa kuanza. Nikalinyakua dafu, nikapiga funda.

"Wallahi, bibi harusi kajitokeza mwenyewe!" akasema mzee wa Likoni. "Basi twamchukua huyu."

Hata baba alicheka. Mimi nilikimbilia uvunguni mwa kitanda, nikingoja kubebwa. Huko ndiko nilikoisikia sauti nyembamba ya dada: "Nyweni, baba."

Nikashusha pumzi, nimeokoka. Sikujua kwamba kitanda kile, tulicholala wawili siku zote, kingebaki changu peke yangu.