Viazi vya Mwenye Karafuu

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya kampuni moja ya safari hapa Nakuru mjini. Mbele yangu alisimama mama mmoja, mwenyekiti wa chama cha akina mama wanaoenda kutembea Zanzibar. Dada wa kaunta alimwonyesha picha: kobe wakubwa, mchanga mweupe, na shamba la karafuu ambamo mzee mwenye shamba mwenyewe huwatembeza wageni.

"Huyu mzee ako na familia?" mama akauliza.

"Sijui, mathe."

"Basi andika gunia moja la viazi kwa mizigo yetu."

"Lakini hoteli iko na chakula!"

"Si ya hoteli. Ni ya huyu mzee."

"Mathe, si mtakuwa mmelipa kiingilio?"

Mama akavua miwani, akaiweka polepole juu ya kaunta. "Kulipa ni kulipa. Lakini kwa watu hatuendi mikono mitupu."

Dada akaandika viazi.

Mimi nilizaliwa hapa. Tangu utotoni naona watalii wakija kutazama flamingo wetu ziwani. Bado nangoja wa kwanza atakayeshuka na kabichi.