Sinia Lililopigwa Nyumbani kwa Dhapu

Siku hizi watu wakimtaja Dhapu wanatikisa kichwa, maskini Dhapu, maskini Dhapu. Huruma hiyo inanichefua. Walikuwa wapi alipokuwa akihangaika? Mimi nilikuwepo. Mimi na yeye tuliolewa na ndugu wawili, tukapika jiko moja chini ya mama mkwe mmoja, kwa hiyo nitamsema nilivyomjua.

Huku kwetu Rajasthan wazazi waliochoka kupata mabinti humwita anayefuata Dhapu, yaani tumeshiba, inatosha. Ndivyo alivyopokelewa duniani. Alipoolewa na shemeji yangu Ramkaran akazaa binti, kisha binti mwingine, na mama mkwe wetu Jamna akanuna miaka.

Serikali ilipotangaza kwamba mwenyekiti wa kijiji chetu safari hii lazima awe mwanamke, wanaume hawakukata tamaa, waliwasimamisha wake zao wagombee. Ramkaran alibandika tangazo lenye picha yake kubwa, na pembeni kapicha ka mkewe, uso umefunikwa na ushungi. Dhapu akashinda. Ramkaran akakalia kiti, mkewe akaketi sakafuni karibu na mlango, akiletewa karatasi anatia sahihi.

Kisha Ramkaran akaugua homa, na wiki hiyo hiyo akaja afisa wa elimu. Dhapu aliongea naye mwenyewe, ushungi umemfika kidevuni. Alimuuliza kwa nini shule yetu inaishia darasa la tano, maana shule inayofuata iko mbali, na hakuna mzazi anayemwachia binti njia ile. Yule afisa akaahidi madarasa. Tangu siku hiyo Dhapu akawa anakwenda ofisini mwenyewe, na Ramkaran, kwa aibu ya watu, akamwachia kiti. Kuta zikaanza kupanda. Binti yake mkubwa, Sayari, alikuwa darasa la tano na Jamna alishaanza kumtafutia mchumba.

"Dada," aliniambia, "paa likikaa tu, Sayari haolewi mwaka huu wala ujao."

Hicho ndicho alichokitaka, na sikuwahi kumsikia akitaka kingine.

Lakini kulikuwa na ile sheria. Mwenyekiti akipata mtoto wa tatu akiwa madarakani, kiti anakipoteza. Mwenyekiti wa zamani, Nathulal, ana watoto kama kuku, ila wote walizaliwa kabla ya tarehe ya sheria, basi yeye msafi. Dhapu alitaka kufunga kizazi mara tu baada ya binti wa pili. Jamna akasema bila mjukuu wa kiume nani atawasha moto wa kumchoma Ramkaran akifa, maana kwetu kazi hiyo ni ya mwana. Dhapu akatumia vidonge vya kuzuia mimba kwa siri, akavificha ndani ya kopo la unga wa mtama. Jamna akavikuta, akavitupa motoni. Ramkaran naye, nisiyaseme ya chumbani kwa mtu, lakini neno hapana halikumhusu.

Mimba ikaingia. Jamna na mwanawe wakashauriana: apelekwe mjini kwa mtu mwenye mashine, anayepima jinsia ya mimba kwenye stoo nyuma ya duka. Ikiwa binti, itolewe. Ikiwa mwana, ibaki. Kipimo hicho serikali imekikataza, lakini nani anayejali. Ilikuwa mwana. Ndipo wakanigeukia mimi. Nilikuwa sijazaa tangu niolewe, na mume wangu Bhairu anafanya kazi viwanda vya nguo huko Surat, huja kwa sikukuu. Sugni atabeba tumbo, wakasema, na mtoto ataitwa wake. Dhapu atavaa sketi pana na kusingizia mgongo.

Basi nikajifunga matambara tumboni, kila mwezi naongeza. Wanawake waliokuwa wakiniita ardhi ya chumvi sasa wakaniletea ukwaju na kunipisha kwenye foleni ya maji. Jamani, nilifurahi. Nisiseme uongo.

Mtoto hakungoja mipango yetu, alikuja mapema, asubuhi jua likiwa limeshawaka. Mimi nilikuwa kwenye pampu ya maji na wanawake wenzangu, ndoo mkononi, tumbo langu mbele. Kwetu mwana akizaliwa hupigwa sinia la shaba ili kijiji kijue, na binti akizaliwa hapigiwi kitu. Tulikuwa tumemwonya Jamna mara chungu nzima: usiguse sinia mpaka Sugni awe ndani, amelala kitandani. Lakini ajuza yule alikuwa ameingoja sauti ile tangu Ramkaran aoe. Alipomwona mjukuu akasahau kiti, akasahau sheria, akapanda darini na kulipiga sinia hadi likabonyea.

Pale pampuni wote wakageuka kuitazama nyumba yetu. Kisha wakalitazama tumbo langu. Kesar, mke wa Nathulal, akatua ndoo yake polepole.

"Sugni," akasema, "mbona umezaa na tumbo limebaki?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilikimbia nyumbani nimelikumbatia tumbo la matambara, maji yote yakamwagika njiani.

Nathulal hakuchelewa kupeleka mashtaka wilayani. Tukaitwa. Jamna alieleza kwamba alipiga sinia uchungu wangu ulipoanza, kwa kiherehere chake, nami nikajifungua baadaye kidogo. Afisa wa wilaya akamtazama kama anayetazama maziwa yaliyoganda, akamgeukia Dhapu na kumwapisha. Mtoto ni wa nani? Ramkaran akakohoa. Dhapu akasema, "Wa dada yangu huyu." Mtoto alikuwa mapajani mwangu, akaisikia sauti yake na kuanza kulia.

Afisa akasema sawa, atamtuma mama mmoja nyumbani kwetu aone ni nani anayenyonyesha, na siku hataitaja.

Tulipofika tu, Jamna akatoa amri. Asinyonye. Mgeni anaweza kuingia wakati wowote, na Kesar macho yake yako juu ya ukuta wetu. Apewe maziwa ya mbuzi kwa chupa. Dhapu akafungwa kifua kwa kitambaa, kwa nguvu, mpaka akawa anapumua nusunusu. Siku ya tatu akamwita mumewe mbele yetu. Hakupandisha sauti.

"Nilitaka kufunga kizazi, mkakataa. Mimba ilipoingia, mkaamua nyinyi ibaki au itoke. Sasa hata maziwa ni yenu. Hivi kwenye mwili huu mimi nipo wapi?"

Ramkaran akamjibu, "Kiti unakitaka au hukitaki?"

Dhapu alikitaka. Mabati ya lile paa yalikuwa bado hayajaletwa. Huo ndio ukatili wa lile swali, na Ramkaran aliujua alipokuwa akiuliza.

Ulikuwa msimu wa joto, upepo wa moto unaingia mpaka chini ya mlango. Maziwa ya mbuzi yanachacha ukiyatazama. Mtoto akaanza kuharisha. Macho yakadidimia. Dhapu akakichana kile kitambaa kwa meno, akampeleka chumba cha ndani akampa ziwa, nani aje asije. Lakini mtoto alikuwa hana tena nguvu ya kuvuta. Nikambeba kwenda zahanati, mimi, kwa kuwa ndimi mama, na Dhapu akabaki mlangoni. Mtoto alinifia njiani.

Kichanga kwetu hakichomwi, kinazikwa. Wanaume wakakaa nje na jembe, wanawake wakajaa uani wakanizunguka mimi. Wakanikumbatia, wakanililia, wakasema Sugni, ulivyongoja miaka yote. Maiti ndogo iko mapajani mwangu kwenye kitambaa chekundu. Dhapu alikuwa pembeni kule na majirani, mahali pa mama mdogo. Kesar alikuwepo, analia kwa jicho moja na kuchungulia kwa jingine.

Wanaume wakaita. Nikajiinua kumtoa. Hapo Dhapu akasimama, akawapita wanawake wote, akaufunua ushungi mbele ya wakwe zake, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu aolewe.

"Dada, nipe mwanangu."

Nikampa. Jamna akamvuta sketi, akamnong'oneza akae chini asituangamize. Dhapu hakumtazama. Akamwambia Kesar, "Nenda kamwambie mumeo. Niliapa uongo." Akambeba yeye mwenyewe mpaka kwa wanaume.

Kiti alinyang'anywa, na leo anakikalia mke wa mtoto wa Nathulal. Kuta za madarasa zimesimama bila paa, mbuzi wanalala humo. Sayari aliolewa baridi ilipoanza.

Na yule mama wa wilayani alikuja, ndiyo, wakati matanga bado hayajaondolewa. Alikuwa mtu mpole, akanywa maji, akasema ametumwa kuona anayenyonyesha ni nani. Tukatazamana. Akamuuliza Dhapu ana watoto wangapi, naye akamjibu, "Nimezaa watatu, na wa tatu nilikatazwa kumnyonyesha ili wewe usimkute akinyonya."