Jina Lililokosa Mwenzake

Usicheke. Haya niliyaona kwa macho yangu, saa tisa mchana, na siku hiyo sikuwa nimegusa mbege, pombe yetu ya ndizi, hata tone.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa karani wa kigango kimoja huko juu mlimani, Kilema, na kwa vitabu, ndugu yangu, nilikuwa moto. Padre alitaka kuwapelekea komunyo wazee wasiojiweza. Basi nikalaza mezani kitabu cha ubatizo na kitabu cha mazishi. Jina la ubatizo nikilikuta pia kwenye mazishi, nalipiga mstari. Lililokosa mwenzake, mwenyewe yu hai. Kazi rahisi, au siyo?

Yalibaki majina kumi na moja. Nikiwa nayanakili, akaingia bibi mmoja, kanga imelowa chapachapa. Mkononi alishika jani la isale, ambalo kwetu ukiletewa huwezi kukataa unachoombwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Mimi Anastazia. Nitoe kwenye orodha yako ya walio hai."

"Ala! Si wewe huyo umesimama mbele yangu?"

Akaliweka jani mezani. "Siku ya mazishi yangu uliitwa kunywa mbege kabla hujaniandika. Kila Novemba mkisoma majina ya marehemu, binti yangu Veronika anangoja langu. Halisomwi. Anarudi nyumbani analia."

Nikainama kulitafuta jina lake. Kuinua macho, hayupo! Sakafu kavu kabisa, na yeye alivyolowa vile!

Nilipandisha mbio mpaka kwa Veronika. Akanipeleka mgombani, akanionyesha kaburi.

"Mama tulimzika mwaka ule wa mvua kubwa," akasema. "Wewe mwenyewe ulikuja, karani, kitabu kwapani. Umesahau?"

Loo! Nikakumbuka kata ya mbege ilivyozunguka siku ile. Aibu iliyonishika haijaniachia hadi leo.

Jioni hiyo hiyo nilimwandika. Novemba ilipofika, jina la Anastazia likasomwa, na Veronika akaitikia kwa sauti hadi kanisa zima likageuka.

Jani lile limo ndani ya kitabu cha mazishi mpaka sasa, na bado ni bichi. Huamini, njoo uone. Nawe unayelinganisha vitabu, jina likikosa mwenzake usikimbilie kusema mtu yu hai. Panda mpaka kwake, piga hodi, uliza. Huenda yeye alishakwenda zamani, na aliyesahau kuandika ni wewe.